Kuupima Mkono wa Fundi wa DNS

Majibu ya DNS hutunzwa kwenye kache za watoa huduma wa intaneti ambao wewe huna mamlaka nao. Ndiyo maana ubora wa kazi hii hupimwa kwanza kwa jinsi fundi anavyohesabu muda.

TTL. Tuseme rekodi ina TTL, yaani muda wa kukaa kwenye kache, ya sekunde 86400, ambazo ni siku nzima, na tovuti inahamia seva nyingine Jumamosi. Fundi wa kawaida hubadili anwani Jumamosi hiyohiyo; wateja wengine wanafika kwenye seva mpya, wengine wanabaki kwenye ya zamani. Fundi hodari huishusha TTL hadi 300 tangu Alhamisi, huhamisha, huhakiki, ndipo huipandisha tena. Seva ya zamani haizimi hadi muda wa kache zote uishe.

SOA. Namba ya toleo la zoni, iliyo ndani ya rekodi hii, huandikwa kwa tarehe na tarakimu mbili, mfano 2025061401. Isipopandishwa, seva saidizi hazichukui mabadiliko, na kikoa kimoja kinatoa majibu mawili. Iulize kila seva kwa amri ya dig. Namba zikiendelea kutofautiana, kazi haijaisha. Kagua pia muda wa ukomo: RFC 1912 ya mwaka 1996 inapendekeza wiki mbili hadi nne. Ukiwekwa siku moja, seva kuu ikilala wikendi moja tu, hata seva saidizi zinaacha kujibu.

Nukta. Jina kamili ndani ya faili la zoni humalizika kwa nukta. Ikisahaulika, mail.mfano.co.tz hugeuka mail.mfano.co.tz.mfano.co.tz, na barua pepe zinakosa pa kwenda. Jicho zuri huanzia hapo.

Milango. Seva yenye mamlaka juu ya kikoa isimtafutie kila mpita njia majina ya vikoa vingine. Shambulio dhidi ya Spamhaus, shirika la kupambana na barua taka, mwaka 2013 lilitumia seva zilizoachwa wazi namna hiyo. Nakala ya zoni nzima nayo zipewe seva saidizi peke yake.

DNSSEC. Hapa ndipo umahiri huonekana wazi. Anayeondoa sahihi hizi za kuthibitisha majibu huanza kwa kuiondoa rekodi ya DS kwenye zoni mama, husubiri TTL yake iishe, kisha hugusa funguo. Akigeuza mpangilio huo, kikoa kinapotea kwa kila anayehakiki sahihi.

Jaribio la mwisho lifanye kabla fundi hajagusa kitu: muulize atarudishaje hali ya awali, na baada ya muda gani. Anayejua kazi atakutajia TTL ya rekodi husika, atakuonyesha nakala ya faili lililopo na matokeo ya named-checkzone. Jibu la “subiri saa 48” lina msingi unapobadili seva za majina za kikoa cha .com, kwa kuwa rekodi za NS huko zina TTL ya sekunde 172800. Anayekupa saa hizohizo kwa kila rekodi hajapiga hesabu. Usimkabidhi kikoa chako.