Paka wa Sultani na Simba wa Rufiji

Katika hadithi za pwani yetu zilizopata kupigwa chapa, ni wachache wanyama watishao kama Nunda, mla watu. Habari yake imo katika kitabu cha hadithi alizozikusanya Edward Steere huko Unguja, kikachapwa London mwaka 1870, kabla yeye hajawekwa kuwa Askofu. Wengi huwasimulia watoto hadithi hii jioni, wakacheka, wakalala. Sisi twaona kwamba ni hadithi ya watu wazima, na ya kwamba watu wa Ndundu na Rufiji yote wana sababu ya kuisoma kwa makini kuliko wengine.

Kwa ufupi habari yenyewe ni hii. Sultani Majnuni alikuwa na paka. Paka akakamata ndama. Watu wakaleta mashitaka, naye Sultani akajibu ya kuwa paka ni wake na ndama ni wake. Akakamata mbuzi, kisha ng'ombe, kisha punda, na jawabu likawa lile lile. Akala mtoto, akala mtu mzima, akakaa mwituni akiwavizia wapitao, na Sultani bado anamtetea. Hata alipowaua wana watatu wa Sultani mwenyewe, ndipo baba yao aliponena kwamba huyu si paka tena, ni Nunda. Mwana mdogo akatoka kumtafuta. Akaua mbwa, akadhani ndiye. Mama yake akamwambia siye. Akaua fungo, na punda milia, na twiga, na kifaru, na tembo, na kila mara mama akasema siye. Mwisho akamwua Nunda mwenyewe.

Uzuri wa kwanza wa hadithi hii ni kwamba mnyama hakutoka kuzimu. Alitoka nyumbani, akakua kwa kuachiliwa. Wayunani wa kale nao walisimulia habari za Minos, mfalme wa Krete, aliyepewa fahali mzuri kutoka baharini ili amtoe sadaka, naye kwa tamaa akambakiza. Kwa kosa hilo akazaliwa Minotaur, mtu mwenye kichwa cha ng'ombe, na vijana wa Athene wakawa chakula chake. Hadithi hizi mbili ni ndugu, maana katika zote mbili mwenye mamlaka apenda chake, na watoto wa watu hulipa. Lakini Wayunani walihitaji mungu aliyekasirika, na msimulizi wa Unguja alihitaji paka tu na mtawala asiyesikia. Kwa hiyo ya kwetu yachoma zaidi, kwa kuwa kila mji una paka.

Uzuri wa pili ni yule mama. Hashiki silaha, wala hasifiwi. Lakini pasipo yeye hadithi ingekwisha kwenye mbwa. Watu wangefanya karamu, nao usiku ule Nunda angekula mwingine. Yeye hutazama mnyama aliyeuawa, akampima kwa habari za Nunda anazozijua, akakataa kumpa jina lisilo lake.

Hapo ndipo hadithi inapotugusa. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba aliua watu wasiopungua 35 katika vijiji vya Rufiji. Simba aliyehesabiwa kuwa ndiye mwuaji alipigwa Aprili 2004, akaonekana ana jipu kubwa chini ya gego lililopasuka. Mwaka 2005 wataalamu waliandika katika jarida la Nature kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563. Walionyesha kwamba hatari huzidi wakati wa mavuno, tena mahali penye nguruwe mwitu wengi. Nguruwe huja kula mazao, mkulima hulala katika dungu ili ayalinde, na simba anayefuata nguruwe humkuta mtu.

Lakini popote simba alapo watu, neno jingine huenea upesi kuliko habari hizi. Husemwa kwamba huyu si simba, ni wa kutumwa. Kisha kidole huelekezwa kwa mjane, au kwa mzee asiye na wa kumtetea. Twasema kwa wazi: huko ni kuua mbwa na kumwita Nunda. Mzee hufukuzwa au hupigwa, na simba yu hai, nguruwe wapo, na dungu ni lile lile lisilo na ukuta. Mama wa hadithi angetazama akasema, siye huyu.

Mtu aweza kusema kwamba hadithi kama hizi ndizo zinazowafundisha watu kuogopa mazimwi. Twamwomba aisome tena. Nunda hatafutwi kwa ramli, wala haagwi kwa kafara. Hufuatwa porini kwa miguu, nao walioshindwa hurudi kufuata tena.

Hata hivyo hadithi ina upungufu, nao si mdogo. Walioliwa kabla ya wale wana watatu hawana majina wala matanga. Mwisho kijana hutukuzwa, lakini hapana amwulizaye Sultani habari ya ndama wa kwanza. Msimulizi amwachaye Sultani aende zake ameacha mlango wazi kwa paka mwingine. Na kwetu shauri la ndama ni shauri la nguruwe. Mkulima anapolalamika kwamba nguruwe wamemaliza shamba lake, huonekana ni jambo dogo la mtu mmoja. Kumbe ndiyo hatua ya kwanza ya safari ya simba.

Basi, ndugu wasomaji, na hasa ninyi walimu, msomeapo watoto hadithi hii, msiwakimbize hadi kwenye ushindi. Simameni kwenye ndama, mkaulize: nani alimlea Nunda? Simameni tena kwenye mbwa, mkaulize: kama mama angalisema ndiye, nani angaliliwa usiku ule? Mtoto aliyejifunza kuyajibu hayo mawili hatakuwa mwepesi wa kuokota jiwe siku jirani yake atakapotajwa.