Puti na Bati

Wahakiki wetu wa fasihi walituzoesha kutenganisha fani na maudhui, kana kwamba mtu anaweza kuichuna hadithi ngozi na nyama ikaendelea kupumua. Vitabuni sijawahi kuridhika na mgawanyo huo. Lakini katika kazi ya kufufua kebini ya pikapu iliyoliwa na kutu naukubali mara moja, maana hapo rangi ni kitu kimoja na bati lililo chini yake ni kitu kingine, na masika moja yatosha kuvitenganisha mbele ya macho ya watu.

Ninazo kebini mbili za kuhakiki, zote za Peugeot 404, zote zimetengenezwa uani na wenyewe wakisaidiwa na fundi wa kukodi. Moja iko Kibaha, nyingine Kisarawe. Vijana huenda hawalijui gari hili. Lilianza kuuzwa mwaka 1960, na Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, alishinda nalo mashindano ya Safari mwaka 1966 na tena 1967. Pikapu zake zilibeba mihogo, mkaa, maharusi na hata maiti. Miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipokuwa adimu na spea hazionekani, watu walijifunza kuyatia magari viraka badala ya kuyatupa. Kazi ninayoihakiki ilikomaa katika dhiki hiyo.

Ya Kibaha inapendeza. Ni nyeupe, inang'aa, na mistari yake imenyooka kama ya kiwandani. Niliizunguka mara mbili nikiisifu kwa dhati, kisha nikatoa mfukoni sumaku niliyoichomoa kwenye spika mbovu ya redio. Juu ya boneti ilinasa. Chini ya mlango wa dereva iliteleza ikaanguka. Kizingiti karibu chote kilikuwa puti tupu, imepigwa msasa kwa ustadi mkubwa. Ustadi huo ndio unaonikera: mkono wenye subira ya kuichonga puti mpaka ifuate umbo la mlango ungeweza kabisa kukunja bati.

Kutu haikomi kwa kufunikwa. Haidai zaidi ya maji na hewa, na puti hufyonza unyevu na kuutunza pale pale chuma kinapoumwa. Isitoshe, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Ndiyo maana rangi huvimba kama ngozi iliyoungua kabla haijapasuka. Na kizingiti katika gari hili si pambo. Husaidia kushika sakafu na nguzo za kebini zisiachane. Likigongwa ubavuni, puti haitamkinga dereva.

Ya Kisarawe haitazamiki kwa furaha. Ni ya buluu ya madirisha, rangi iliyobaki nyumba ilipopakwa, na seemu za kuchomelea zinaonekana kama kovu la upasuaji. Lakini mzee mwenye gari alikata kutu mpaka akafika kwenye chuma safi. Akapasua pipa la oili, akalinyoosha kwa nyundo, akapata viraka. Kabla ya kukiondoa kizingiti alichomelea nondo kukingama nafasi ya mlango, ili kebini isijikunje na mlango ukakataa kufunga. Fundi wake alichoma nukta hapa, nyingine kule, akisubiri bati lipoe, kwa kuwa bati jembamba likipata moto wa mfululizo hupinda. Matundu ya kutolea maji waliyaacha wazi, na ndani ya kizingiti wakamimina oili chafu kuzuia kutu.

Sitaki kumpamba mzee. Kwenye paa uvumilivu uliwaishia, wakachoma mfululizo, na sasa pana bonde ambamo maji ya mvua hutuama. Hapo kutu itarudi. Mlango wa abiria nao sharti uinuliwe kidogo ndipo ufunge.

Mwenye ile ya Kibaha aliposikia maoni yangu alisema, "Mwalimu, wewe unahukumu kama mtu mwenye hela." Hoja hii nimeisikia katika gereji bubu nyingi, na mara nyingi huwa ya kweli. Hapa haisimami. Puti ilinunuliwa dukani, kopo baada ya kopo; pipa la mzee lilikuwa limelala nyuma ya choo. Alichogharamia mzee ni siku, tena nyingi, na siku hizo hakuna mnunuzi atakayezilipia, kwa sababu sisi wanunuzi hulipia kinachong'aa. Inauma zaidi kuyaona haya Kibaha, penye kituo cha Nyumbu kilichoundwa ili Watanzania tujitengenezee magari, na eneo la TAMCO ambako malori ya Scania yalikuwa yakiunganishwa.

Gari jeupe linauzwa mwezi huu. Mteja ni kijana wa Mlandizi. Anataka kupakia mboga nyuma, na mbele akae yeye na mkewe. Nilimwomba jirani yangu amweleze habari za kizingiti. Alicheka, akasema kila mtu ana macho yake. Siku ya mauziano nitakuwepo, sumaku ikiwa mfukoni, hata kama ujirani wetu utapata ufa.