Soko la Ubatili na Magulio Yetu

Kitabu cha John Bunyan cha safari ya Mkristo, atokaye Mji wa Uharibifu kwenda Mji wa Mbinguni, hakihitaji kuelezwa sana kwa wasomaji wa gazeti hili. Kilipigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1678, na sehemu yake ya pili mwaka 1684. Na katika Afrika peke yake kimefasiriwa kwa lugha zipatazo themanini, Kiswahili kikiwamo. Waalimu wetu walitusomea, nasi twawasomea watoto. Neno letu leo ni juu ya fungu moja tu la kitabu hicho, lile la Soko la Ubatili. Tulilisoma mwaka huu na watoto wa darasa la sita, wakatuuliza maswali mawili ambayo hatukuweza kuyajibu pale pale, na tangu siku ile tumelirudia mara nne.

Habari yenyewe ni hii. Mkristo na mwenzake Mwaminifu, wamekwisha kutembea siku nyingi nyikani, wafika mji ambao njia yao yapita katikati yake. Wala hakuna njia ya kuuzunguka, maana mwandishi asema kwamba mtu atakaye kwenda Mbinguni bila kupita humo itambidi atoke duniani kabisa. Katika mji huo pana soko lililowekwa na Beelzebuli na wenzake, nalo lina mitaa ya mataifa, mtaa wa Waingereza, mtaa wa Wafaransa, wa Waitalia, wa Wahispania, wa Wajerumani. Wasafiri wale wawili hawataki kutazama bidhaa. Wakiulizwa watanunua nini, wajibu kwamba wao hununua kweli tu. Basi ghasia yaanza. Wakamatwa, wapakwa matope, watiwa katika tundu, wafungwa minyororo na kutembezwa sokoni. Kisha wapelekwa mbele ya hakimu Mchukia-Mema, na Mwaminifu achomwa moto.

Tulipofika hapo mtoto mmoja wa kiume alisimama akauliza, "Mwalimu, wale watu wametembea siku zote hizo, mbona hawakununua hata chumvi?" Darasa zima likacheka, nasi tukacheka. Ndipo msichana mmoja, ambaye mama yake huuza makopa na ng'onda, akauliza pole pole, "Na wale wanaouza pale, wote ni watu wa Beelzebuli?" Hapo hakucheka mtu.

Yafaa wasomaji walio mbali wajue watoto hawa ni watu wa namna gani. Shule yetu iko katika Ubondei, si mbali na Muheza, na nusu ya wazazi wao hula kwa gulio. Katika nchi hii yetu, tangu pwani ya Tanga na Pangani hata milima ya Usambara, gulio si duka wala si soko la mjini lifunguliwalo kila asubuhi. Gulio lina siku yake. Soni watu hukutana Jumanne na Ijumaa, Sunga karibu na Mtae siku ya Jumatano, na hivyo hivyo kila mahali, ili mwuzaji aweze kuhama na bidhaa zake kutoka hapa hata pale. Wanawake huondoka nyumbani jogoo la kwanza, mizigo kichwani, wakashuka milima kwa vijia ambavyo mchana mgeni huviogopa. Watu wa milimani huleta maharage, kabichi, viazi, matunda na tumbaku. Watu wa tambarare huleta mahindi na mbuzi. Pwani hutuma nazi, chumvi na samaki wakavu. Muheza hutuma machungwa. Saa nne mahali pamejaa kelele kama mzinga wa nyuki. Saa kumi hakuna kitu, ila maganda ya ndizi, na mbwa wawili watatu, na mzee mmoja aliyelewa ambaye watoto wake wanamtafuta.

Sasa tuje kwenye kitabu. Kosa la kwanza katika kukisoma kwetu ni neno lenyewe, soko. Neno la Kiingereza alilotumia Bunyan si lile la soko la kila siku. Ni la mkutano mkubwa wa biashara, wenye majira yake katika mwaka. Katika siku zake mkutano uliokuwa mashuhuri ni ule wa Stourbridge, nje ya mji wa Cambridge, uliokusanya wafanyaji biashara wa Uingereza na wa nchi nyingine za Ulaya kila mwezi wa Septemba. Wengi husema kwamba huo ndio aliokuwa nao moyoni alipoandika. Mikutano ya namna hiyo ilikuwa na baraza zake za kuhukumu papo hapo mambo yatokeayo kati ya wauzaji na wageni, na kwa hiyo hukumu ya Mwaminifu haikuwa ngeni kwa wasomaji wa kwanza. Basi kwa Kiswahili cha huku kwetu neno lililo karibu zaidi ni gulio. Na tukilitumia, mara moja twaona jambo ambalo neno soko lilitufichia: Bunyan asema mkutano huo wake hudumu mwaka mzima. Ni gulio lisilovunjika! Mwingereza wa mwaka 1678 alipoyasoma hayo alishtuka, kama ambavyo mama wa Soni angeshtuka akiambiwa kwamba gulio lake halitaisha jioni, wala hatarudi kupika, wala kesho haitakuwa siku ya kulima. Ubaya wa mahali pale, kwa maoni yetu, umo zaidi katika kutokwisha kwake kuliko katika kuuza kwenyewe. Mtoto anayesoma soko hupitwa na shauri hili, maana soko la Tanga mjini liko wazi kila siku na hakuna aonaye ajabu.

Jambo la pili ni orodha ya bidhaa. Bunyan ataja nyumba na mashamba, vyeo na heshima, falme, anasa za kila namna. Kisha, bila kubadili sauti, ataja watumishi na mabwana, damu, miili, na roho za watu. Tumesoma maelezo ya Waingereza wengine juu ya orodha hii, nao huyachukua haya ya mwisho kuwa mifano: mtu huuza roho yake kwa kupenda fedha, na kadhalika. Huenda kwa Mwingereza ni hivyo. Lakini msomaji wa pwani hii hana haja ya mfano. Unguja palikuwa na soko ambalo miili ya watu iliuzwa kweli kweli, likafungwa kwa mapatano ya mwaka 1873 katika enzi ya Seyid Barghash. Na juu ya kiwanja kile kile Misheni yetu ilianza mwaka ule ule kujenga Kanisa Kuu, na altare yake yasemwa kuwa imesimama mahali ulipokuwa mti wa kuwapigia watumwa. Wala habari hii si ya Unguja peke yake. Katika vita vya Wakilindi baada ya kufa Kimweri ye Nyumbai, watu wa milima hii walikamatwa na kushushwa Pangani. Naye Semboja alikaa Mazinde, chini bondeni, kwenye njia ya misafara, apate faida ya wapitao. Abdallah bin Hemedi aliyaandika mambo ya enzi hiyo katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichopigwa chapa papa hapa Magila. Mwanafunzi aliyekisoma kitabu hicho kwanza, kisha akafika mahali ambapo Bunyan ataja miili na roho, hataona mafumbo. Ataona habari za babu zake. Hapa twathubutu kusema kwamba fungu hili lasomeka kwa nguvu zaidi Muheza kuliko Bedford.

Hayo ni ya kusifu. Lakini swali la msichana lingali limesimama, na hatuwezi kumtetea mwandishi kwa kila jambo.

Katika gulio la Bunyan hakuna mwuzaji mwenye uso. Wapo wajinga, na wadanganyifu, na walevi wa kucheza kamari. Wapo wachache wawaoneao wasafiri huruma, nao wakemewa. Lakini hakuna mama aliyeleta mayai kumi apate karo ya mtoto. Hakuna mzee aliyefinyanga vyungu. Tukisema kwamba kitabu ni cha mafumbo na mafumbo hayana nafasi ya watu kama hao, twajidanganya, maana Bunyan huyu huyu aweza kumpa hata mpita njia mmoja jina, na tabia, na namna yake ya kusema, kwa maneno matatu. Hapa hakutaka.

Nasi tunaona ajabu kwa sababu ya maisha yake mwenyewe. Alikuwa fundi wa kutia viraka vyungu na masufuria, kazi ya baba yake, kazi ya kutembea kijiji kwa kijiji na kuita wateja. Alipotiwa gerezani mwaka 1660 kwa kuhubiri pasipo ruhusa, akakaa humo hata mwaka 1672, mkewe na watoto walibaki nje, na mmoja wao, Mary, alikuwa kipofu. Je, aliwalishaje? Alikaa kifungoni akitia ncha za chuma katika kamba za kufungia mavazi, nazo zikauzwa. Mtu huyu, basi, alikuwa mwuzaji. Mkono wake ulijua thamani ya senti ndogo. Alijua kwamba pana biashara iliyo sala ya namna yake. Hata hivyo katika gulio lake hakuiwekea hata mkeka mmoja wa kuketi.

Mama yetu sisi aliuza maharage Soni. Karo yetu ya mwaka wa kwanza ilitoka katika kitambaa kilichofungwa fundo, nacho kilinuka moshi. Tulipokuwa wanafunzi mwalimu mmoja, ambaye hatutamtaja, alitueleza fungu hili kwa namna ya kutufanya tuone haya kupita gulioni. Nasi siku moja tulimwona mama kwa mbali, tukashika njia nyingine. Hatusemi kwamba Bunyan alitutuma. Lakini kitabu kisomwacho bila uangalifu huweza kutumwa na watu.

Wala wasafiri wa dini, tukiwatazama kwa macho yetu, hawaendi kama Mkristo na Mwaminifu. Kila mwaka, kabla ya tarehe 3 Juni, watu hutembea kwa miguu siku nyingi kwenda Namugongo katika Uganda, walipouawa Mashahidi mwaka 1886. Hutoka pande zote za nchi ile, na Kenya, na hata huku Tanzania. Watu hao hununua chakula njiani. Na jirani zetu Waislamu hufundishwa na kitabu chao kwamba mwenye kuhiji hana lawama akitafuta riziki yake humo safarini. Msafiri asiyenunua chumvi amebebewa na mtu mwingine, au amepewa. Na huyo aliyempa ameinunua wapi?

Tungalikomea hapa, na hukumu yetu ingalikuwa kwamba fungu hili lina nguvu nyingi na upendo haba. Lakini kuna sehemu ya pili, ile ya mwaka 1684, ambayo katika shule zetu haisomwi sana. Nakala tuliyo nayo sisi haina sehemu hiyo kabisa, tukaazima ya Kiingereza. Humo mke wa Mkristo asafiri kwa njia ile ile, pamoja na wanawe wanne, na binti aitwaye Rehema, na kiongozi wao Moyo-Mkuu. Wafika mji ule ule wa gulio. Nao wafanya nini? Wapata nyumba! Mzee mmoja, Mnasoni, mwenyeji wa mji, awakaribisha. Kumbe katika Mji wa Ubatili mlikuwamo nyumba ya namna hiyo, na Mkristo hakuiona. Wakaa humo siku nyingi. Wana wawili, Samweli na Yosefu, waoa binti za Mnasoni. Watu wa mji wamepoa tangu damu ya Mwaminifu ilipomwagika, wengine waona haya. Rehema awatumikia maskini wa mji, awapa chakula na mavazi, hata wambariki.

Katika kurasa hizi chache Bunyan ajisahihisha, ingawa hasemi kwamba ajisahihisha. Wale wa kwanza walipita wakiziba masikio. Hawa waketi, wala hawapotei kwa kuketi. Yawezekana ni kwa sababu sehemu ya pili ni ya wanawake na watoto, na mwenye watoto hawezi kupita mjini bila kuuliza bei ya unga. Kama kazi ya fasihi, sehemu hii haina moto wa ile ya kwanza. Kesi ya Mwaminifu itakumbukwa daima, na harusi za nyumba ya Mnasoni husahauliwa na wengi. Hata hivyo twaona ni vibaya sana kuwapa watoto ile pasipo hii. Waalimu wenzetu wasio na kitabu na wawasimulie kwa kinywa, kama tulivyofanya sisi siku moja ya Ijumaa baada ya kengele ya mwisho.

Tulipomaliza, yule msichana aliuliza kama Rehema aliwashonea maskini nguo kwa mkono wake. Tukamwambia ndiyo, maana kabla ya hapo yasimuliwa kwamba ilikuwa desturi yake kushona kwa ajili yao. Akafikiri kidogo, kisha akauliza nguo ya kushonea aliinunua wapi. Tukamjibu kwamba mwandishi hakusema, lakini gulio katika mji ule lilikuwa moja tu.