Jengo Bila Watu, Watu Bila Jengo

Ndugu msomaji, kama uko na simu yenye intaneti, jaribu kitu kimoja. Tafuta picha za makanisa ya zamani ya Uganda. Utaletewa Namirembe na kuba lake, Rubaga na minara yake miwili, Namugongo na paa lake linalopanda kama msonge. Picha ni safi kabisa. Mbingu ni ya bluu, majani yamekatwa, mlango umefungwa, na hakuna mtu hata mmoja. Mpiga picha aliamka mapema ili watu wasimharibie kazi.

Sasa tafuta picha za kanisa ndani ya kambi ya wakimbizi. Hapa watu ni tele. Kuna mtoto anayeangalia kamera, kuna mama aliyefunga macho akiomba, kuna mzee ameshika Biblia iliyochanika. Kanisa lenyewe liko wapi? Liko nyuma, halionekani vizuri. Kipande cha ukuta, kona ya turubai, basi.

Nimezunguka na simu yangu mwaka mzima nikipiga makanisa, kuanzia Juru, Rubondo na Base Camp hapa Nakivale, mpaka Nyamitanga na Ruharo kule Mbarara, na vilima vya Kampala. Nimeangalia pia picha za wengine, za kalenda, za vitabu, na za ripoti za mashirika. Jambo ninalotaka kusema ni moja. Kanisa la mjini hupigwa kama jengo bila watu. Kanisa la kambini hupigwa kama watu bila jengo. La kwanza linapewa historia lakini linanyang'anywa mafundi wake. La pili linapewa huruma lakini linanyang'anywa historia yake. Na sisi wenyewe tumeizoea namna hiyo ya kuangalia, mpaka tunaona ni ya kweli.

Tuanze na Namirembe, kwa sababu picha zake ndizo zinazodanganya zaidi bila kusema uongo. Kanisa tunaloliona leo, la tofali nyekundu, lilikamilika mwaka 1919. Mtu akiangalia picha anafikiri Waanglikana walikuja, wakapanda kilima, wakajenga, ikaisha. Haikuwa hivyo. Hilo la sasa huhesabiwa kuwa la tano. Yaliyotangulia yalikuwa ya miti, matete na majani. Moja liliharibiwa na dhoruba mwaka 1894. Lililofuata likabomolewa kwa hofu ya mchwa waliokuwa wakila nguzo. Halafu wakajenga la tofali lakini wakaliezeka kwa majani. Lilimalizika mwaka 1904, na mwaka 1910 radi ikalipiga, likaungua.

Jamani, upepo, mchwa, radi. Nani hapa Nakivale hajui hadithi hiyo? Ni kanisa lipi kwetu ambalo halijawahi kung'olewa mabati na upepo wa mvua za Machi, au kukuta nguzo ya kona imekuwa unga ndani kwa sababu ya mchwa? Tukisimulia mambo hayo tunasema "shida zetu". Yakisimuliwa ya Namirembe, tunasema "historia". Tofauti haiko kwenye udongo wala kwenye mti. Tofauti ni kwamba kule kulikuwa na mtu aliyeandika mwaka.

Namugongo nako kuna jambo la kufikiria. Kanisa kuu la Wakatoliki pale, lililotabarukiwa mwaka 1975, lilichorwa na msanifu wa Uswisi, Justus Dahinden. Umbo lake alilichukua kwenye nyumba ya jadi ya Baganda, akaliinua juu kwa nguzo 22, moja kwa kila shahidi Mkatoliki. Ni kazi nzuri, sibishi. Ukisimama chini yake unaelewa kwa nini watu wanaisifu. Lakini angalia inavyosifiwa. Msanifu anasifiwa kwa kukumbuka nyumba ya miti na majani. Wanaoijua nyumba hiyo kwa mikono, wanaojua mti gani ukatwe na ufungwe vipi, hawaitwi wasanifu. Wanaitwa wanakijiji. Na kama wako kambini wanaitwa walengwa wa mradi.

Sisemi kila kibanda ni kanisa kuu. Najua kuna atakayesema, "Wewe unatuchezea, utafananishaje kuba la Namirembe na nyumba ya tofali mbichi?" Sifananishi ukubwa, wala muda wa kudumu, wala pesa. Ninauliza kama tumewahi kuliangalia kanisa la kwetu kama kitu kilichofikiriwa na mtu.

Tuliangalie basi. Chukua kanisa la kawaida la hapa, lile la miti na udongo. Nguzo ni za mkaratusi, zimechimbiwa chini. Kati yake kuna fito zilizofungwa kwa kamba au kupigiliwa misumari, halafu udongo ukajazwa ndani, ukakandikwa nje. Mlango mara nyingi haukai upande ambao mvua inakuja nao. Madirisha ni matundu madogo, juu kidogo, ili mwanga uingie lakini upepo usichukue paa kutoka ndani. Sehemu ya mbele imeinuliwa kwa udongo uliopigwa ukawa mgumu, ndiyo madhabahu. Pengine na viti ni vya udongo huohuo, vimetoka sakafuni moja kwa moja, haviwezi kuibwa. Kila baada ya masika akina mama wanarudia kukandika. Ukichunguza chini ya ukuta utaona rangi mbili au tatu za udongo, moja juu ya nyingine. Hiyo ni kalenda. Anayejua kusoma atakuambia kanisa lina miaka mingapi.

Picha ya hayo yote inapigwaje? Si kwa kusimama mbali na kupiga mtoto mlangoni. Inabidi usogee kwenye kona, upige fundo la kamba, upige sehemu ambayo bati la zamani limeungana na bati jipya. Inabidi upige ukuta mchana, jua likiwa la upande, ili alama za vidole zionekane. Alama za vidole ziko, mtu asikudanganye. Kwenye kanisa la tofali za kuchoma zimefunikwa na saruji. Kwetu ziko wazi.

Kuna kitabu ambacho ningependa kila mtu mwenye simu hapa akione. Kinaitwa People Poses Places, na ni mkusanyo wa picha za Musa Katuramu, mtu wa hapahapa Mbarara, seremala na mwalimu, aliyepiga picha zamani, wakati wa ukoloni. Kimetolewa katika mfululizo unaoitwa Ebifananyi, pamoja na kazi ya History in Progress Uganda, mradi wa kukusanya picha za zamani za nchi hii. Angalia jina lenyewe. Watu wanatangulia, kisha namna walivyosimama, kisha mahali. Katuramu hakuwachagulia watu wake huzuni. Walisimama walivyotaka waonekane, na mahali palikuwa pao. Nafikiri useremala ulimsaidia. Mtu anayejua mlango unatengenezwaje hawezi kuupiga mlango kama pambo tu. Na hakuwa mgeni aliyepita na gari akarudi Kampala jioni. Aliowapiga walikuwa majirani zake.

Hapo ndipo naona upungufu wa picha nyingi za makanisa ya Nyamitanga na Ruharo. Nyamitanga iko ng'ambo ya mto Rwizi, Wakatoliki wako pale. Ruharo ni ya Waanglikana. Wapiga picha wanasimama chini wakiangalia juu, kwa hiyo jengo linaonekana kubwa, na kilima kinalisaidia. Ni sawa, mjenzi alitaka hivyo. Lakini sijaona picha hata moja ya mtu anayepanda kilima hicho akiwa amechoka. Na kanisa la kilimani bila anayelipanda ni mnara wa simu tu.

Pwani kuna mfano ninaoupenda. Kanisa kuu la Mkunazini, Zanzibar, lilijengwa palipokuwa soko la watumwa. Msingi uliwekwa mwaka 1873, mwaka uleule soko lilipofungwa, na msimamizi alikuwa Askofu Edward Steere. Ndani kuna nguzo zilizosimamishwa juu chini. Simulizi inasema mafundi waliziweka hivyo askofu akiwa safarini, naye aliporudi akaziacha. Iwe ndivyo ilivyokuwa au vinginevyo, nguzo zile ndizo kitu cha kwanza wageni wanachoonyeshwa. Kwa nini? Kwa sababu pale mkono wa fundi unaonekana. Sehemu nyingine zote tunamwona askofu.

Mfano mwingine ni Frere Town, Mombasa. Wamisionari wa CMS walianzisha kijiji hicho mwaka 1875 kwa watu waliokombolewa kutoka utumwani. Walikuwa watu wa makabila mbalimbali, wameondolewa kwao, wamewekwa pamoja kwenye ardhi ambayo si yao, wanaanza upya. Sitaki kusema walikuwa wakimbizi kama sisi, lakini wewe msomaji unaona ninakoelekea. Walikuwa na kengele ya kuwaonya watu hatari ya wakamata watumwa ikija. Leo mtaa unaitwa Kengeleni, na matatu zinasimama hapo kila siku. Makazi ya watu waliohamishwa yamekuwa jina la mji. Nakivale yetu ilianza mwaka 1958. Ina zaidi ya miaka 60. Hiyo si hema ya dharura tena. Watu wamezaliwa hapa, wamebatizwa hapa, wamezikwa hapa. Lakini jaribu kutafuta picha ya kanisa la hapa yenye mwaka nyuma yake.

Ukitoka Mbarara kwenda Kampala, mbele kidogo unapita Biharwe. Pale kuna mnara wa kukumbuka kupatwa kwa jua, ambako mapokeo ya Ankole yanasema mfalme wa Bunyoro alitishika, akakimbia na kuacha ng'ombe aliowateka. Tukio lenyewe linahesabiwa kuwa la mwaka 1520. Mnara umezinduliwa mwaka 2014. Karibu miaka 500 habari ilikaa mdomoni tu, bila jiwe. Iliwezekana kwa sababu watu walibaki palepale, babu akamwambia mjukuu akimwonyesha kilima. Sisi hatuna nafasi hiyo. Mzee aliyekata nguzo za kanisa anaweza kuwa Marekani mwezi ujao, mwenzake amerudi Bujumbura, wa tatu amehamia Kampala kutafuta kazi kwa sababu mgao umepungua. Mjukuu hatakuwepo kuonyeshwa kilima. Kwetu mdomo peke yake hautoshi.

Wale waliotoka Goma wanaelewa haraka. Januari 2002 Nyiragongo ililipuka na lava ikaliharibu kanisa kuu la mji. Mtu aliyekuwa na picha ya arusi yake mbele ya kanisa lile, siku hiyo picha ya arusi iligeuka kuwa kumbukumbu ya jengo. Hakupiga kwa ajili ya historia. Alipiga kwa sababu alikuwa anaoa. Na ona, picha hiyo ina vyote viwili, watu na jengo.

Kwa ndugu zetu wa mashirika nina neno moja, bila ugomvi. Mkija na kamera Jumapili, ulizeni maswali mawili kabla ya kupiga. Nani alijenga? Mwaka gani? Majibu yaandikwe chini ya picha. "Wakimbizi wakisali, Nakivale" si maelezo. Kanisa lina jina, na fundi ana jina. Pia muombe ruhusa kweli, si kwa kuinua simu na kutabasamu. Kuna watu hapa waliokimbia watu, na uso wao ukitoka unaweza kuwaletea hatari. Hilo halizuii picha ya fundi. Mikono inatosha. Mgongo wa mtu anayekandika ukuta unatosha. Panga, kamba na ngazi vinatosha.

Kwa sisi wenye simu, kazi ni rahisi zaidi kwa sababu tuko hapa Jumatatu pia. Jumatatu ndiyo siku nzuri. Kanisa linafagiwa, mtu yuko juu ya paa anaziba tundu, vijana wa kwaya wanarekebisha spika. Piga hapo. Piga kanisa kabla halijabomolewa kupisha la mabati mapya, maana tunafurahia jipya mpaka tunasahau la kwanza. Halafu mwandikie mtu ujumbe pamoja na picha hiyo: lini, nani alileta miti, udongo ulichimbwa wapi, paa limebadilishwa mara ngapi. Mistari minne. Ukiituma kwa watu watatu, haiwezi kupotea na simu moja.

Picha haizibi paa, najua. Mvua ya Aprili haiogopi kamera. Lakini paa litazibwa na mtu, na mtu huyo anastahili kujulikana kuwa ndiye aliyeliziba.