Kuoa, Kuolewa na Kupata Jiko

Mtu akitaka kujua taifa linaheshimu nini, na asome katiba na sheria zake. Lakini akitaka kujua linadharau nini, na asikilize mizaha yake. Sheria huandikwa na wachache, tena kwa uangalifu. Mzaha hutoka mdomoni kabla akili haijauchuja. Kwa sababu hiyo, katika makala haya hatutakichukua kicheko kuwa jambo dogo la kujiburudisha. Tutakitazama kama tunavyoitazama fasihi simulizi nyingine yoyote, na tutauliza: anayecheka ni nani, anayechekwa ni nani, na gharama ya kicheko hicho hulipwa na nani?

Tuanze na lugha yenyewe. Kiswahili kina sifa moja ambayo walimu wa sarufi hawachoki kuieleza: hakimtofautishi mwanamume na mwanamke katika viwakilishi vyake. Yeye ni yeye. Alikuja ni alikuja. Msomaji aweza kumaliza ukurasa mzima asijue kama mhusika huvaa kanzu au buibui. Kwa kipimo hiki lugha yetu ingeweza kujivuna mbele ya Kiingereza na Kifaransa. Ila sifa hiyo hudumu mpaka posa inapoingia nyumbani. Hapo mwanamume huoa, na mwanamke huolewa. Mmoja ni mtenda na mwingine mtendwa, ingawa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka hiari ya wote wawili.

Vijana wa mtaani, hata wale wasiojali somo la sarufi, wanaijua vyema siri hii. Wakimwona mwanamume aliyehamia katika nyumba ya mke mwenye mali, husema, "Huyo ameolewa," na kila mtu hucheka. Kinachochekesha ni nini? Si kitendo chenyewe, maana kila siku wanawake huhamia nyumba za waume zao na hapana anayecheka. Kinachochekesha ni mwanamume kuwekwa mahali pa mtendwa. Kumbe mzaha huo, bila kukusudia, umetoa ushahidi: unakiri kwamba mahali pale ni pa kudharauliwa.

Naye aliyeoa hupongezwa kwamba "amepata jiko". Msemo huu tumeugeuza pande zote. Mwanamume aliyekuwa akila kwa mama lishe amepata jiko, vema. Aliyeolewa naye amepata nini? Jiko halipati kitu. Jiko huwashwa, huchochewa, na likichakaa hubadilishwa. Mtetezi wa msemo atasema kwamba jiko ni ishara ya joto na uhai wa nyumba. Twakubali. Lakini bado hatujamsikia bibi harusi hata mmoja akipongezwa kwamba amepata mafiga.

Hadi hapa msomaji aweza kucheka na kwenda zake. Tunamwomba asubiri kidogo. Mwanafunzi wa kike husemwa kwamba "ametiwa mimba" au "amepewa mimba". Kisarufi yeye ni mtendwa, na pana mtenda mahali fulani. Lakini kwa miaka mingi adhabu ilipofika ilisahau sarufi yote: mtendwa alifukuzwa shule, na mtenda mara nyingi alibaki darasani, kazini au barazani, akisimulia vichekesho. Mwaka 2016 sheria ilimwekea mtenda huyo kifungo cha miaka 30, na Novemba 2021 serikali ikatangaza kwamba wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya kujifungua waruhusiwe kurudi katika shule za kawaida. Mlango umefunguliwa. Hata hivyo, msichana anayerudi hukuta kizingitini kitu kisichofutwa kwa waraka: mwenzake mmoja kumwita "mama watoto", na darasa zima kuangua kicheko. Kicheko hicho chaweza kumrudisha nyumbani upesi kuliko amri ya mwalimu mkuu. Hii ndiyo gharama tuliyoitaja mwanzoni.

Zipo pia sifa zinazouma kuliko matusi. Mwanamke akiwa hodari huambiwa ni "jike dume", yaani sehemu iliyo hodari ndani yake si yake, ameiazima. Nayo majukwaa yetu yamepata wimbo mmoja wa kudumu: "Wanawake wakiwezeshwa wanaweza." Tumehudhuria sherehe moja ya tarehe 8 Machi ambapo mgeni rasmi aliyarudia maneno hayo mara nyingi, kwa nia njema kabisa. Wakati huohuo, nyuma ya jukwaa, kina mama waliovaa vitenge vya sare walikuwa wakipika pilau ya umati mzima kwa kuni mbichi, wengine wana watoto migongoni. Tulijiuliza wanasubiri kuwezeshwa nini. Wala hatujapata kusikia mgeni rasmi akisema kwamba wanaume wakiwezeshwa wanaweza, ingawa ushahidi wa kuwa wanahitaji ulikuwa pale pale, umeketi safu ya mbele ukisubiri sahani.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba fikra hizi ni za kigeni. Tangu mkutano wa nne wa dunia kuhusu wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995, ambao katibu mkuu wake alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella, mzaha wa barazani umepata jina jipya: mwanamke akiuliza mshahara umekwenda wapi, huambiwa aache "mambo ya Beijing". Jina ni jipya. Jambo si jipya. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipoongoza tawi la wanawake la TANU, aliwaendea wanawake wa Dar es Salaam katika vikundi vyao vya ngoma, wakajiunga kwa wingi. Na kabla ya hapo, mwanamke wa pwani alikuwa na khanga. Akitukanwa na jirani au kudharauliwa na mume, alikwenda dukani, akachagua jina linalofaa, akajifunga na kupita mbele ya mhusika bila kufungua kinywa. Mume akiuliza, "Unamsema nani?" hujibiwa, "Mimi? Nimevaa nguo tu, baba." Kama huo si uhakiki, hatujui uhakiki ni nini.

Hata hivyo, haki ya kucheka ikitolewa, itolewe pande zote. Utetezi wa wanawake wa siku hizi nao una vichekesho vyake. Tumeketi katika semina za hoteli kubwa ambako muuza maandazi, aliyelea watoto watano peke yake, alielezwa kwa saa mbili maana ya "jenda" na "mfumo dume". Aliandika kila neno, akashukuru kwa chai, akarudi kwenye maandazi yake. Mwezeshaji naye alipiga simu nyumbani kumwuliza "dada" kama watoto wamekula. Dada huyo si ndugu wa mtu pale. Ni msichana wa kazi aliyeletwa kutoka kijijini, ambaye huamka wa kwanza na kulala wa mwisho, ili mwenye nyumba apate nafasi ya kwenda kuwakomboa wanawake.

Penina Muhando aliliona jambo hili mapema. Katika tamthilia yake *Nguzo Mama*, iliyochapishwa mwaka 1982, wanawake wa kijiji kimoja wanajaribu kuisimamisha nguzo. Mwandishi hawaonei haya waume na mashemeji wanaowavuta nyuma, lakini wala hawabembelezi wanawake wenyewe, ambao huvutana huku nguzo iko chini. Twacheka, kisha twaona kwamba nguzo haijasimama. Ubora wa kazi hiyo umo hapo: kicheko chake hakimwachi yeyote nje, na hakimalizi kazi kwa niaba yetu.

Tunawapendekezea walimu kipimo kimoja rahisi. Mwanafunzi achukue mzaha wowote anaousikia mtaani, augeuze: alipo mwanamke aweke mwanamume, alipo mwanamume aweke mwanamke. Mzaha ukiendelea kuchekesha, basi ni wa watu wote na uachwe uishi. Ukifa mara tu unapogeuzwa, darasa lichunguze ulikuwa ukiishi kwa damu ya nani. Zoezi hilo lifanywe mapema, kabla ya siku ile ambapo binti aliyekuwa nyumbani mwaka mzima atasimama mlangoni na daftari lake, akitafuta pa kuketi.