Ufundi wa Kufuga Maji

Mfugaji wa kuku husifiwa kwa mayai, wa ng'ombe kwa maziwa. Anayefuga oska sebuleni mjini Machakos hana cha kuonyesha ila samaki mnene, mweusi mwenye mabaka ya rangi ya moto, anayemkodolea macho kila apitaye. Hata hivyo ufundi wake unastahili sifa, kwa sababu anachofuga kwanza ni maji.

Oska ni mwenyeji wa bonde la mto Amazon, katika jamii ya sikilidi, ukoo uleule wa tilapia. Hununuliwa akiwa mdogo kama kidole, kisha hukua upesi hadi sentimita 30 au zaidi, na akitunzwa huishi zaidi ya miaka 10. Ndiyo maana mjuzi huandaa tangi la lita 300 hivi kabla hajamleta. Oska humjua amlishaye: humfuata kando ya kioo, huomba chakula, husukuma mawe na kung'oa mimea hadi makao yampendeze. Jamii hii ina macho makali. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walionyesha kwamba sikilidi mdogo wa Ziwa Tanganyika huwatambua jirani zake kwa alama za usoni.

Lakini akili hizo zote hazimfai kitu maji yakiharibika. Samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria wanaoishi kwenye sponji ya chujio huigeuza kuwa nitraiti, kisha nitrati, isiyo kali sana. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kuongezeka, na hapo fundi hutofautiana na mwenye pupa. Sponji huisuuza kwa maji ya tangi lenyewe, kwa kuwa klorini ya maji ya mfereji huwaua wasaidizi wake. Mwezi wa Julai, baridi ya vilima inapoingia, huhakikisha maji hayashuki sana chini ya nyuzi 25; stima ikipotea, hulifunika tangi kwa blanketi.

Atatokea wa kuuliza: Ukambani, ambako watu hubeba mitungi, lita 300 za samaki mmoja si israfu? Ni israfu kwa asiyejua kazi. Anayeijua hutoa takriban robo ya maji kila wiki na kuyamwagia sukuma wiki, na nitrati iliyomo huwa mbolea. Wakulima wa vilima hivi walichimba matuta ya fanya juu na kujenga mabwawa ya mchanga ili mvua isikimbilie mtoni bure. Tangi lililotunzwa vyema lina adabu hiyohiyo: maji hayaondoki kabla hayajafanya kazi mara mbili.

Adabu hiyo haiishii uani. Mto Athi una tilapia wake wa asili, Oreochromis spilurus, ambaye jike wake hulea mayai kinywani, na samaki wa kigeni anaweza kuwadhuru wenyeji kama hao. Ziwa Victoria lilipopandikizwa mbuta, yaani sangara, katika miaka ya 1950, spishi nyingi za samaki wadogo waitwao fulu zilitoweka baadaye, na fulu hao ni sikilidi vilevile. Basi ukimleta oska nyumbani, umlee hadi mwisho. Akikushinda, mpe mwenye tangi kubwa kuliko lako. Usimmwage katika bwawa la Maruba wala mto Athi.