Bomba la Matundu Lilikuwa Tayari

Bomba la matundu lilikuwa limeshaingia ndani ya kopo la sailensa. Tuliokuwepo gerejini Jumamosi ile tuliliona kwa macho, na ambao hamkuwepo mmeiona video, maana imeizunguka Ifakara nzima. Stilwaya ilishazungushwa nusu ya bomba, pamba ya vioo iko pembeni inasubiri zamu yake, kifuniko cha nyuma kimekatwa kwa kipimo. Mwenye gari akainama, akachungulia, akasema, "Fundi, hiyo toa. Nataka ilie." Fundi alinyamaza kidogo, akafuta jasho kwa mgongo wa glovu. "Sawa, bosi." Akalivuta. Kisha akachomelea kifuniko juu ya kopo tupu.

Hapo ndipo kazi ilipoharibika. Mengine yote yalikuwa safi: mishono imeshika, flanji imekaa sawa, raba za kuning'inizia hazigusi chasisi, hata tundu la milimita 3 la kutolea maji halikusahaulika.

Turudi kwenye bomba, maana nimekasirika na nina sababu. Fundi yule alitumia asubuhi nzima kulitoboa, mstari baada ya mstari, akitia oili kwenye biti ya drili kila baada ya matundu machache. Alipomaliza aliingiza tupa ya duara kwa ndani, akaondoa makombo yote ya chuma yaliyobaki kwenye midomo ya matundu. Anayepiga tupa ndani ya bomba anajua moshi unapita wapi na unakwama wapi. Kwa hiyo siwezi kusema hakujua. Alijua, akakubali.

Gari mnalijua: Mark II GX110, injini 1G-FE, silinda sita mstari mmoja, sisi 1,988, haina tabo. Kopo ni la upana wa inchi 6, urefu wa sentimita 40, bomba la kuingilia na la kutokea ni inchi 2. Kwenye silinda sita, kila mzunguko wa krenki una milipuko mitatu. Ukiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, hayo ni mapigo 150 kila sekunde, na juu yake kuna mapigo madogo ya 300, 450, 600 na kuendelea. Hayo madogo ndiyo yanayokwaruza sikio.

Kopo tupu hupunguza sauti kwa njia moja tu: wimbi linaingia penye nafasi kubwa, linagonga ukuta wa mbele, sehemu yake inarudi lilikotoka. Kwa vipimo vile, kwa hesabu, linaweza kukata hadi desibeli 13 hivi. Lakini linachagua. Kwenye moshi wa nyuzi 350, sauti husafiri karibu mita 500 kwa sekunde. Kopo la sentimita 40 linazuia vizuri mitetemo 310 hivi kwa sekunde, ikifika 625 linaiachia ipite kama vile halipo. Sasa pigeni hesabu: mizunguko 3,100 mara tatu, gawa kwa 60, zidisha kwa nne. Mnapata 620. Nilipanda gari lile kutoka Kibaoni hadi Kiberege, na kila mshale wa mizunguko ulipokaribia 3,100, kioo cha nyuma kilitetemeka na tukaacha kuongea.

Pamba ya vioo ingeyanyonya hayohayo. Ndiyo kazi yake: sauti nyembamba inapenya kwenye matundu, inaingia kwenye nyuzi, inaishia humo ikiwa joto. Stilwaya inakaa kwanza ili moshi usiifyonze pamba ikatoka nyuma ya gari vipande vipande. Ningependa stilwaya isiyoshika kutu badala ya ile ya kusugulia sufuria, ila hilo ni dogo.

Na kuna hili linaloniumiza zaidi. Watu walishangilia kwamba gari limepata nguvu. Limepata wapi? Bomba la matundu limenyooka, moshi unapita katikati bila kukwama. Ukilitoa, moshi unatoka kwenye inchi 2, unasambaa ghafla kwenye inchi 6, unazungukazunguka, halafu unatafuta tundu la inchi 2 la kutokea. Nguvu inapotea humo. Bosi alilipa hela ili apate kelele nyingi na njia mbaya ya moshi.

Nimeandika kuhusu masega, yale ya ndani ya ekzosi yanayosafisha moshi, na nitaandika tena. Zamani nilipeleka gari langu kwenye gereji moja kuziba ufa mdogo wa ekzosi. Likarudi limefungwa bomba tupu, masega yamekwenda kwa wanunuzi wa platinamu na paladiamu, na nikaambiwa nimesaidiwa. Tangu siku hiyo nikisikia neno "fungua ipumue" nauliza kwanza nani anapata nini.

Mzee aliyenifundisha kuchomelea alipitia karakana ya Mang'ula, ile iliyoanza na ujenzi wa reli ya TAZARA. Alitengeneza sailensa za Land Rover 109 kwa vyuma chakavu, ndani akiweka bomba la matundu kila mara, na dereva akimwambia apunguze vitu alimrudishia funguo. Ulanga ilikuwa ng'ambo ya kivuko siku hizo, miaka mingi kabla ya Daraja la Magufuli na mita zake 384, na gari lililopasuka ekzosi njiani lilikuwa taabu ya abiria wote. Joginder Singh naye alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Mwaka 1965 alishinda mbio za magari za Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, na alishinda kwa sababu alijua kila kitu kilichofungwa kwenye gari lake. Kizazi kile kilimsikiliza mteja, kikamweleza, na ikibidi kikamkatalia.

Jumapili usiku, saa tano, nilisikia GX ile ikipita upande wa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Kuna wagonjwa mle.

Fundi, nakuomba. Ni kazi ya saa mbili. Kata mshono wa kifuniko cha nyuma kwa grinda, ingiza bomba, maliza stilwaya, shindilia pamba isilegee, chomelea. Nilipita Jumatatu nikaliona bomba bado limeegemea ukuta karibu na mtungi wa gesi, nusu limevaa stilwaya, nusu matundu yako wazi.